Nipe Mgongo

Njombe, mwezi wa saba. Ukungu umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimeuza viazi, magunia kumi na moja,
pesa zimeingia benki,
na Atukuzwe anasubiri ada.

Vidole vimekufa ganzi.
Mashine inauliza, najibu, inakataa.
Nabonyeza tena, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nyuma yangu kijana. Koti safi, sauti ya kwaya.
"Mama, baridi hii inasumbua hata mashine.
Lete nikusaidie."
Nikaleta.
"Namba ya siri?"
Nikaitaja kwa sauti, kama naitika jina darasani:
mwaka niliomzaa kitinda mimba.

Akaipangusa kadi kwenye paja la suruali,
akanirudishia. "Mtandao umelala, Mama. Jaribu kesho."
Nikamshukuru.
Mara mbili nilimshukuru.

Kesho yake, ndani, dada wa dirishani akaigeuza kadi,
akanitazama, akaigeuza tena.
"Mama, wewe ndiye Faines Mtewele?"

Rangi ileile, nembo ileile.
Jina ndilo halikuwa langu.
Magunia yangu kumi na moja yalikuwa yameshaliwa
na hakuna aliyeyamenya.

Akaikata kadi kwa mkasi. Mimi nikabaki na jina.
Sikulia pale. Nililia shambani, katikati ya matuta,
ambako kulia hakuna foleni.

Nilimtafuta Faines wiki tatu:
kwa wauza mbao, kwa wachuma chai,
kwenye tangazo la kanisani baada ya mahubiri.
Nikampata Makambako, anauza masweta ya mtumba.
Nilipomweleza akacheka,
kisha akaketi juu ya robota lake, kimya.
Yeye naye aliachiwa kadi ya mzee mmoja wa Mdandu.
Huyo hatujampata bado.

Siku hizi nasimama karibu na mashine,
karibu kabisa, kama anayewasha kibiriti
kwenye upepo wa Kipengere:
mkono mmoja unawasha, mwingine unafunika.
Anayetaka kunisaidia namwambia asante,
nisaidie kwa kusogea.
Ikikataa mara mbili, natoa kadi, nasoma jina langu
herufi kwa herufi, naingia ndani kwa wenye viti.
Namba mpya si mwaka wa mtu yeyote.
Atukuzwe aliiuliza. Nikamuuliza yeye
kama amemaliza kupalilia.

Na mwisho wa mwezi, Faines akija Njombe, tunakwenda pamoja.
Mimi naielekea mashine,
yeye anaielekea barabara,
sweta la kijani, mikono kiunoni, hageuki.

Nimepewa mgongo na wengi maishani,
shemeji zangu wakiwamo.
Huu ndio wa kwanza
ulionipa joto.