Mpangaji wa Chumba 274

Saa tisa za usiku, Grenoble.
Mito miwili inakutana nyuma ya ukuta wetu,
mmoja unanuka theluji.
Kitanzi changu cha nailoni hakimtoshi hata sisimizi;
nacho naopoa fuwele, moja, kisha moja,
naichovya katika naitrojeni inayofuka baridi,
naitundika mbele ya mwali.
Ombeline amelala juu ya koti lake.
Mashine inahesabu.

Fuwele hii ina jina refu la kimaabara.
Mimi naiita Anselme.

Anselme Durafour, tarishi wa vijiji vya juu,
miaka thelathini na moja juu ya pikipiki ya njano.
Mafua yalimkuta Februari. Akacheka: mafua tu.
Siku ya pili akapewa vidonge, mapema, kama inavyotakiwa.
Siku ya sita tukasimama makaburini, miguu ikitufa ganzi.
Na binti yake, Perrine, kwenye foleni ya mkate:
“Wewe si ndiye unayepiga picha za virusi?
Dawa aliimeza, nilimwona.
Sasa ilikwenda wapi?”

Nisidanganye: hili si koo lake.
Ni nakala. Hospitali ilisoma herufi za kirusi,
sisi tukazipanda katika seli za viwavijeshi
(ndiyo, wale wale wala mahindi)
zikatupikia protini kidogo kidogo.
Miezi saba. Kaburi limeshaota nyasi.

Ramani inajitokeza, nyavu za buluu gizani:
mapangaboi manne yaliyoshikana mabega,
kila moja lina mapanga sita,
na katikati ya kila moja, kishimo.
Kishimo ndicho kazi yenyewe.
Maana kirusi kipya hakizaliwi huru;
kinachomoza kimenata kwenye sukari za seli,
kimenatana na ndugu zake
kama visheti kwenye kopo lililosahauliwa juani.
Kishimo kinaing'ata sukari, kinaikata,
na msafara unang'oka kwenda kwa jirani.
Bila mkasi, hakuna safari.

Dawa ni sukari ya uongo.
Inaingia, inakaa, haikatiki.
Argini tatu zinaikamata kwa pupa,
zisijue kuwa aliyekamatwa ndiye aliyefunga mlango.
Ila dawa ile ina ubavu wa mafuta,
na ili ubavu upate pa kulala
glutamati ya 276 sharti ikunje kiwiko, ipishe.
Nimeiona ikipisha katika fuwele nyingi.
Ni protini yenye adabu.

Usiku huu haipishi.

Nakuza. Nakuza tena.
Chumba 274 alikuwa akikaa histidini,
mwembamba, hana makuu.
Leo kuna tairosini,
kajaa chumba kizima na fanicha yake,
mgongo wake unakisukuma kiwiko kirudi kilikotoka.
Herufi moja ya urithi: C ikawa U.
Mimi hukosea herufi zaidi ya hiyo
nikiandika orodha ya sokoni.

Na dawa? Ipo. Hii hapa.
Imekaa kama mgeni aliyepewa ncha ya kiti,
nusu ndani, nusu anaaga.

Iko dawa nyingine, ya kuvutwa kwa pumzi.
Hiyo haimdai mtu kukunja kiwiko;
inakaa kama ilivyokuta.
Ilikuwamo kabatini, hospitali ile ile.
Nani angejua siku ya pili?
Nauliza, na mashine inahesabu.

Ombeline kaamka, kaangalia kioo kwa muda mrefu.
“Mzuri,” akasema, akimaanisha ramani.
Kisha akanyamaza, akaenda kutengeneza kahawa.

Nimechora nyuma ya bahasha:
kishimo, kiwiko, mpangaji mnene.
Sikuandika namba. Niliandika tu:
Ilifika, Perrine. Haikupata pa kukaa.
Stempu sitaweka.
Barabara ya juu naijua, na kisanduku cha njano
alikipigilia misumari mwenyewe.