Mchemraba wa Siku ya Ishirini na Nane

Kuntala Rautray hupima majivu kwa kijiko kirefu
kama anayemlisha mgonjwa asiyetaka kula:
jivu la mtambo wa umeme, mavi ya chuma yaliyosagwa,
na saruji yenyewe kidogo tu, kama chumvi.

Angul, asubuhi. Joto limeshapanda.

Alipokuwa mtoto, jivu hili lilikuja bila kualikwa.
Lilitua juu ya wali, juu ya mgongo wa nyati,
juu ya sari nyeupe ya bibi, iliyoanikwa mara mbili
na mara mbili ikarudishwa majini.
Aliandika jina lake kwa kidole juu ya jani lenye vumbi;
kufika jioni jina limefukiwa.
Baba yake, Banamali, alilinda bwawa la majivu miaka kumi na tisa.
Alipokohoa, leso ilirudi na rangi ya anga la kwao.

Wahenga wa lugha yangu walisema: moto huzaa jivu,
wakimcheka mwana goigoi wa baba shujaa.
Hawakumwona Kuntala akigongagonga kalibu,
akimtoa mwana huyo, pembe zake zote timamu,
akimlaza kwenye beseni la maji
na kumwandikia tarehe ubavuni.

Siku ya saba meneja alibonyeza kwa ukucha, akacheka:
“Hii ni keki.”
Jivu halina haraka. Linakunywa chokaa gizani,
linashikana chembe kwa chembe,
kama deni la duka linalolipwa senti kwa senti.

Siku ya ishirini na nane mashine inashuka.
Mshale unapanda: ishirini. Thelathini.
Thelathini na sita, na meneja ameacha kutafuna.
Arobaini na moja,
kisha mlio mkavu, kama mfupa wa kuku,
na vumbi kwenye kope za Kuntala.

Anaandika namba. Hasemi kitu.
Nje, madohani bado yanafuka, bwawa bado lina kina
cha kumeza hekalu na kengele zake;
mchemraba mmoja hautubu kwa niaba ya moshi.

Jivu, jiwe: herufi mbili tu,
na mwezi mzima ndani ya maji.

Jioni, karibu na soko, anafika kwenye mtaro mpya
uliofunikwa kwa mabamba ya mchanganyiko wake.
Anavua kandambili. Anaruka juu yake, miguu yote miwili,
mtu mzima wa miaka arobaini na nne.
Anasikiliza.
Kisha anageuka kutazama kama kuna aliyemwona.