Mgonga Magurudumu

Zhelyazko Mandev, miaka hamsini na tisa.
Kazi: kugonga magurudumu, stesheni ya Gorna Oryahovitsa.
Ndivyo fomu ilivyosema. Nikamuuliza, kugonga vipi?
Akakunja kidole, akagonga mara moja
ukingo wa meza yangu ya chuma, akatega sikio la kulia.
"Gurudumu zima huimba," akasema. "Lenye ufa hukohoa."

Miaka thelathini na mmoja ametembea usiku
ubavuni mwa mabehewa,
taa mkono huu, nyundo ya mpini mrefu mkono huu,
akigonga, akingoja, akipita.
Treni ya ngano, treni ya watu waliolala,
haikutoka mpaka yeye aseme:
nzima, iondoke.

Februari, barafu juu ya kidato cha behewa.
Panja la kushoto likakutana na reli.
Damu kidogo sikioni; akaiziba kwa pamba, akamaliza zamu.
Wiki tatu aligonga kwa sikio moja, hakumwambia mtu,
hadi usiku ule Tihomir, kijana aliyemfundisha mwenyewe,
aliporudi nyuma mabehewa mawili, akagonga tena, akasimama.
Hakusema neno. Aliushika mkono wa mzee,
akaulaza juu ya chuma, akagonga mara ya tatu,
na kikohozi kikapanda kwa vidole.

Asubuhi alipanda basi akaja kwetu, Veliko Tarnovo.

Wanasema sikio halilali na njaa.
Lake la kushoto lilikuwa limelala na njaa siku ishirini na tatu,
likila sauti za ndani tu: mkate ukitafunwa,
jina lake mwenyewe likivuma kama ndani ya pipa.

Nilimlaza. Nikamwomba asimeze mate.
Nyuma ya kioo kizito nikamkata kichwa
vipande vyembamba kuliko ukucha,
bila kisu, bila tone.
Mfupa mweupe, hewa nyeusi.
Na pale, katika kipango kilicho nyuma ya kiwambo,
ile mifupa mitatu ambayo ukiimwaga kiganjani
utaipangusa ukidhani ni makombo:
nyundo, fuawe, kikuku.
Karakana nzima ya mhunzi, na haijazi kijiko cha chumvi.

Walionifundisha walisema: tafuta aiskrimu.
Kichwa cha nyundo ndilo tonge, mwili wa fuawe ndiyo koni.
Kulia, tonge limekaa juu ya koni yake.
Kushoto limeanguka, kama la mtoto aliyekimbia.
Na juu yake, katika mfupa wa panja,
mstari mweusi, mwembamba,
kama unywele uliosahauliwa kwenye sahani.

Nilikaa nao kitambo.
Yeye alizitafuta nyufa kwa kusikiliza.
Wa kwake niliupata mimi, nikiwa kimya,
chai imepoa, kidole juu ya kipanya.

Nikaandika: fuawe imetengana na kikuku,
pengo milimita moja na nusu;
konokono ya ndani salama.
Ripoti haina mahali pa kuandika treni.

Akavaa koti, akaielekezea mashine kidevu.
"Upande ule wa chini, beringi imechoka. Mwambie fundi."
Nilicheka. Fundi alikuja Alhamisi,
akaifungua, akaniuliza nimejuaje.

Lakini siku hiyohiyo, chumba cha pili,
Daktari Zlatina alipiga uma wa chuma gotini pake,
akasimamisha shina lake katikati ya paji la Zhelyazko.
"Unasikilia wapi?"
Mkono ukapanda polepole, ukapita sikio zima,
ukashika lile bovu.
"Humu," akasema. Akashangaa. "Humu hasa."

Mfupa ulikuwa umempitishia chuma mlango wa uani.
Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho,
mpaka mtetemo ukafa wenyewe,
kama alivyosikiliza kila gurudumu tangu ujana.
Kisha, kwa sauti ndogo:
"Mzima. Uondoke."