Barafu ya Kibirizi

Butoyi, picha yako imefika.
Umesimama katikati ya uwanja mweupe,
viatu vyako vina visu chini,
nyuma yako maghorofa yamewasha taa saa tisa mchana,
na umeandika: Pacha, huku watu wanatembea juu ya maji.

Nilimwonyesha Ruhomvya.
Akaigeuza simu kichwa chini miguu juu,
akauliza visu hivyo hunolewa na nani,
na huyo mnoaji hulipwa kwa jozi au kwa siku.

Basi nami nina habari ya barafu.

Ijumaa umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Januari hii mvua imetununia,
joto limekaa juu ya Kibirizi kama mgeni asiyeaga.
Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Ndani mlikuwa na vipande arobaini na kimoja,
kila kimoja kimo cha mtoto wa darasa la kwanza,
vyote vina wenyewe, vyote nimeviandika daftarini:
kumi vya Mama Nzeyimana wa migebuka,
sita vya wale wa kuhe, vinne vya hoteli,
na vilivyobaki vya watu wa mkopo.
Tajiri akapiga simu kutoka Mwanga:
vitoeni, viuzeni, hata kwa bei ya maji.

Sakafu unaikumbuka.
Baba aliipiga niru siku tatu, amepiga magoti,
mpaka nzi wakawa wanatafuta pa kushika.

Kipande cha kwanza kiliponyoka kwenye koleo.
Hakikuvunjika.
Kilikwenda.
Kilikwenda taratibu, kwa heshima zake, kama bwana harusi mzee,
kikapita mizani, kikapita ndoo,
kikamgonga Ruhomvya kwenye ugoko,
naye, badala ya kutukana,
akakikalia.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika.

Tulimsukuma hadi ukutani, akarudi.
Vijana wa bodaboda wakaegesha pikipiki tatu mlangoni,
wakaelekeza taa ndani, sakafu ikawaka
kama tumbo la samaki.
Watoto wakavua ndala, wakavaa mifuko ya nailoni miguuni,
wakafungia kwa kamba za nyavu.
Mama Nzeyimana alikuja kudai vipande vyake kumi.
Alisimama, mikono kiunoni, akatutazama kama wezi.
Kisha akakunja kitenge, akasema, nishikeni,
na mwili wote ule, Butoyi, ule unaoufahamu,
ukapita mbele yetu bila sauti,
mwepesi,
hadi akakumbuka kwamba hajui kusimama.

Nami niliteleza.
Nilianguka mara nne, ya tano nikafika.
Kwenye kona ile ya mfereji nilipogusa chini
nilikuta mstari wa mwiko, pale baba alipochoka
akaacha alama ya kiganja, akaifuta vibaya.
Kidole cha pete hakimo.
Kilikwisha kuliwa na baridi ya kazi hii hii
kabla hatujaanza shule.
Niliweka mkono wangu pale.
Ulinitosha, isipokuwa kidole kimoja.

Alfajiri hapakuwa na uwanja.
Maji yalipita chini ya mlango, yakashuka njia ya mawe,
yakaingia ziwani bila kumwamkia mtu.
Tuliuza vipande kumi na tisa. Nimeandika: ishirini na viwili vimeyeyuka.
Tajiri amesoma, akanitazama viwiko vilivyochubuka,
akanikata mshahara wa vipande sita.
Sikubishana. Vingine hata mimi singeviita hasara.

Usinitumie viatu, sakafu ya baba haitaki visu.
Nitumie sauti.
Kisu kikipita juu ya barafu, kinasemaje?
Huku kwetu ilikuwa shhh, ndefu,
kama mtu anayebembeleza mtoto chumba cha pili.

Na hilo la kutembea juu ya maji, pacha wangu,
usiwaringie sana wenyeji wako.
Waambie sisi wawili tulianzia ndani yake,
tumebanana, hakuna taa,
na ni wewe uliyenisukuma nitangulie.