Kidonge cha Babu

Miaka kumi na mmoja nakimeza kidonge hiki,
kabla ya chai, nikiitazama tramu nambari kumi
ikikwangua theluji ya Łódź.
Cha presha tu. Sikuwahi kukiheshimu.

Leo Daktari Wierzbicka anasema ni hichohicho,
kimesagwa, kimefanywa maji, kinapimwa kwa tone,
kwamba huenda kikauambia moyo wako, Tymek,
wenye tundu na mshipa mwembamba kama uzi,
seli zake zisichoke kugawanyika
hadi siku ya kisu.

Huenda.
Neno hilo mama yako alilitia sahihi mara nne,
vidole vikiwa bado vya baridi ya nje.
Nusu ya watoto watapata dawa,
nusu maji matamu,
na nani kapata nini hata muuguzi hajui.

Lakini mimi naujua uchungu wake.
Ulimi wangu haudanganyiki.

Saa tisa usiku, Bogna kasinzia kitini,
bomba la sindano limelala juu ya kitambaa,
tone moja limebaki nchani.
Nikalipokea kwa kidole.

Midomo yako ilikuwa na buluu ya wino uleule.
Ukapiga chafya.

Nikakipangusa kidole kwenye suruali.

Wako wengine thelathini na tisa katika hesabu hii,
na kila mmoja, nadhani, ana babu
anayetaka kulamba.

Asubuhi nimemeza changu.
Nimekiacha kwanza kikae ulimini,
kiyeyuke chote.