Mshika Saa

Kanuni zilikuja kwa Kifaransa.
Maalim Khatib akazitafsiri usiku kucha kwa kalamu nyekundu,
akatusomea Chake Chake, ukumbi wa juu ya duka la vipuri:
kila kisiwa wimbo mmoja,
jukwaani watu sita, asizidi wa saba,
na wimbo usipite dakika tatu.
"Tatu," akarudia, akatuonesha vidole.

Mimi nikapewa saa.
Si kwamba naujua muziki;
nilikuwa karani wa mizani ya karafuu, Wete, miaka kumi na tisa,
na watu wa mizani husemwa hatuna huruma.

Walikuja kumi na mmoja.
Hamdun wa Machomane na kompyuta yake,
dakika mbili, sekunde hamsini na nane,
nadhani aliukata kwa wembe.
Mapacha wa Konde wakasahau ubeti wa pili,
wakacheka, nasi tukacheka, nikabonyeza.
Mmoja aliimba nchi nzima, bandari, mnara, uwanja wa ndege,
ikabaki kidogo atutajie na bei ya tiketi.

Kisha Bi Sabiha Shaame,
viatu mkononi kwa sababu ya ngazi.
Nyuma yake ganuni, fidla mbili, udi, dumbaki.
Na yeye wa sita. Kanuni imetimia.

Mnazijua bashrafu zetu: haziji, hukaribia.
Ganuni ikauliza, udi ukafikiri kabla ya kujibu,
dumbaki ikakohoa kama mtu aliyefika barazani.
Bi Sabiha kakaa, mikono mapajani, macho kwenye zulia,
hajafungua kinywa.
Dakika moja. Mbili. Nne na nusu.
Maalim akanitazama.
Nami nikaitazama saa:
sufuri, sufuri, sufuri.
Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe,
hakikushuka.

Sikupanga, naapa.
Ila nilikumbuka nyumbani kwetu Kangagani,
mgeni anabisha, anasimama nje,
anaulizwa hali, anajibu, anakaribishwa mara ya tatu.
Nani aliyewahi kuihesabu hodi
ndani ya muda wa ziara?

Akainua uso. Nikabonyeza.

     Nimekuja kwa heshima, nabisha hodi nyumbani,
     Sikuja kuomba sima, wala chumvi ya jikoni,
     Nimekuja kusimama, munitazame usoni.

Dakika mbili, sekunde arubaini na moja.
Nikaandika hivyo kwa wino mweusi.
Hakuna aliyepinga. Watu saba wenye masikio,
kila mmoja na saa yake mkononi,
wakatia sahihi,
Maalim wa mwisho, akapiga chafya, akakunja karatasi.
Hamdun ndiye aliyembebea bibi viatu kushuka ngazi.

Barua ilirudi baada ya wiki saba,
fupi, ya adabu:
wimbo wenu ni dakika tisa na sekunde nane,
tunasikitika.
Hapakuwa na muda wa kuchagua mwengine.
Mwaka ule visiwa vyetu havikuimba.

Nikaitwa. Nikaiweka saa mezani.
"Miaka yote ile," akasema Maalim, "hukukosea hata kilo."
"Wala siku ile," nikajibu. "Karafuu hupimwa, Maalim,
uzito wa gunia ukatolewa."
Akanyamaza. Alikuwa na sahihi yake pale pale.

Maneno yakafika Wete kabla yangu.
Bi Sabiha alinikuta sokoni, ameshika fungu la muhogo,
hakunisalimu.
"Kumbe bashrafu yangu gunia?"
Nikaanza habari ya hodi, mgeni, mlango,
akanikata.

"Hodi ndiyo wimbo.
Yale maneno ni mtu ameshaingia, anatafuta pa kukaa.
Ungeanza kuhesabu nilipokaa kitini.
Ungeandika tisa na nane, kwa wino wako huo,
nikataliwe hapa hapa, na watu wangu,
na dakika zangu zote."

Akalipa muhogo wake.
Mwenye duka akauweka kwenye mizani,
na sote wawili tukausubiri mshale utulie.