Asiye na Kinywa

Tulifika Urfa kabla jua halijapasha mawe ya ngome,
shangazi Bese kando yangu, viatu vya mpira miguuni,
nyuma ya pikapu dume lake la mwisho,
rangi ya buluu mgongoni, kengele shingoni,
na jina alilonikataza nisilitaje mnadani.
"Ukimwita ataitika," alisema,
"na akiitika, nitamrudisha nyumbani."

Mnada ulikwisha kuchemka.
Mbuzi wamefungwa shingo kwa shingo, safu mbili,
kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka.
Harufu ya samadi, ya chai, ya ini juu ya makaa,
na vumbi lililokwisha kupita kwenye mapafu mengi.

Dalali Shiho alikuja bila kuitwa.
Akaukamata mkono wa Hamdin mchinjaji,
akaudai na wa shangazi.
Shangazi akaivuta chini nguo yake hadi ikafunika kiganja,
ndipo akautoa.
Shiho akaigonganisha mikono ile, akaitikisa
juu, chini, juu, chini,
kama mtu apigaye pampu ya kisima kilichokauka:
Kumi na sita! Kumi na mbili! Sema heri!
Sisemi!
Sema, mama, jua linapanda!
Kumi na nne elfu na nusu.
Heri.

Mkono ukaachiliwa, ukabaki hewani kidogo.
Kisha shangazi akainama, akaifungua kengele mwenyewe.
"Hii haimo kwenye bei."
Hamdin hakubisha. Alikuwa anahesabu meno ya dume.

Nilidhani tutarudi.
Fedha zimehesabiwa mara tatu, zimelala kifuani,
naye akasema: "Nipeleke kwenye ile nyumba ya kale.
Watu wanatoka Japani kuja kuiona.
Mimi natoka Harran, sijaiona."

Mlangoni mashine ililia.
Askari kijana, masharubu bado machanga,
akaomba kilichomo mfukoni.
Kengele ikalala kwenye trei, ikaingia gizani,
ikatokea kwenye kioo cha askari:
kivuli kidogo, ulimi umelegea.
"Ni ya nini, mama?"
"Ya kondoo."
"Kondoo yuko wapi?"
Akaipokea. Hakumjibu.

Ndani baridi, sakafu inang'aa hata uone aibu ya viatu.
Alipita mawe akitafuta:
mbweha, nguruwe mwitu, nge, tai mwenye mbawa wazi.
"Na kondoo?"
Binti wa makumbusho, Evin kwa kibandiko chake, akasema
waliochonga hapa hawakuwa wamefuga bado.
"Masikini," alisema shangazi.
Akaenda hatua mbili. "Au walistarehe."

Halafu akamfikia yule mtu wa jiwe.
Kimo cha mtu hasa. Macho ya jiwe jeusi, makavu, yako macho.
Pua ipo. Chini ya pua, hakuna kitu.
Mikono imeshuka mbele, vidole vimekutana chini ya tumbo.

Watalii walimpiga picha wakapita.
Shangazi alisimama
kuliko alivyosimama kwenye kaburi la mumewe.
"Huyu kauza," alisema.
"Umejuaje?"
"Tazama mikono. Mkono ukiachiliwa haujui pa kwenda,
hujishika wenyewe."
"Na kinywa?"
"Atasema nini tena? Heri ameshaisema."

Nilimtazama wa jiwe, nikamtazama yeye.
Mikono yake ilikuwa imekutana mbele ya gauni,
kengele katikati, ulimi ameubana kwa kidole gumba
isije ikamwamsha mtu.

Tulikula ini kwa pilipili, kila mtu kimya na jasho lake.
Njia ya kurudi pikapu ilikuwa nyepesi,
kila shimo likaturusha.
Karibu na Harran, pamba kulia, pamba kushoto,
mahali palipokuwa malisho,
akateremsha kioo cha dirisha
akalitaja lile jina, mara moja, kwa sauti ya kuitia jioni.

Kisha akakipandisha,
akaniuliza tiketi zilikuwa lira ngapi.